Mshindi hapangwi siku ya fainali

Kila anayejua kuwa niliwahi kufundisha sauti kwenye shindano la kuimba la runinga huniuliza swali lilelile: mshindi huwa keshapangwa, au anashinda kihalali? Wengine hata hawaulizi. Wanakuambia tu kwamba kura zimechakachuliwa, fulani kabebwa, fulani ni ndugu wa bosi. Nimelijibu swali hilo kwenye daladala, msibani na nje ya kanisa, na jibu langu halijabadilika. Kura ikiibwa sikuiona. Nilichokiona ni mambo mengine mengi yakimpandisha huyu na kumwangusha yule, na karibu yote yalifanyika mchana kweupe, muda mrefu kabla ya fainali.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimekulia Mwanza, kwenye kwaya za sauti nne ambako mtu husoma sol-fa, yaani noti za do-re-mi, kabla hajagusa kinanda, na ndiyo sababu waandaaji walinitafuta. Shindano lenyewe silitaji, wala kituo kilichokuwa kikilirusha. Waliofanya kazi pale wengi walikuwa watu wa bidii na baadhi yao bado tunasalimiana vizuri. Nilikuwa na kazi mbili. Wakati wa usaili mikoani nilikaa kwenye meza za mchujo wa awali. Washiriki walipoingia kambini, niliwafundisha kupumua, kutamka maneno, na kuimba kwenye ki inayowafaa, yaani kimo cha juu au cha chini ambacho wimbo unapangiwa.

Huo mchujo wa awali ndio ambao watazamaji wengi hawaujui. Nyumbani unaona foleni ndefu nje ya ukumbi, halafu unaona kijana anafungua mlango na kukutana na majaji watatu maarufu. Unadhani wote wa foleni walipita mlango ule. Hawakupita, na haiwezekani wapite. Majaji wakimpa kila mtu dakika tatu tu, kwa saa nane bila kupumzika wanawasikiliza watu 160. Foleni ya mji mkubwa huanza kujipanga kabla ya alfajiri na ina watu wengi zaidi ya hao. Kwa hiyo kuna meza nyingine kabla ya zile za kwenye kamera, na wanaokaa pale ni watu kama mimi ambao hakuna anayewajua. Ndivyo ilivyo hata kwa wakubwa wa dunia. Pop Idol ya Uingereza iliyoanza mwaka 2001, na American Idol iliyofuata Marekani mwaka 2002, zilikuwa na mchujo wa watayarishaji kabla mshiriki hajawaona majaji.

Maagizo tuliyopewa mezani yalikuwa mafupi. Tuwapitishe wanaojua kweli. Tuwapitishe na wachache wasiojua kabisa, ili kipindi kiwe na vicheko. Na tuwatafute wenye habari, yaani wale ambao maisha yao yana jambo la kusimulia. Waliobaki ni kundi kubwa la katikati: vijana wenye sauti safi, pumzi ya kutosha, wanaoimba ndani ya ki mwanzo hadi mwisho, lakini hawana kitu cha kumshangaza mtu ndani ya dakika moja. Kwenye kwaya yangu ningewachukua wote na baada ya mwaka mmoja wa mazoezi ungewasikia. Pale waliambiwa asante, wakarudi kwao bila kuambiwa sababu.

Lakini hao angalau walirudi na heshima yao. Alikuja kijana mmoja kutoka Ukerewe, shati limepigwa pasi vizuri, ameandamana na rafiki yake aliyembebea maji. Kuimba hakujui. Kila mstari aliuanza kwenye ki mpya. Nilimwandikia hapana kwenye fomu. Msimamizi wa meza akaichukua ile fomu, akaandika ndiyo juu ya maandishi yangu, akamshika bega. "Hongera mdogo wangu, umepita. Kesho unaonana na majaji." Nilipinga palepale, nikaambiwa kipindi ni lazima kichangamke. Yule kijana alikuwa ameshatoka nje anampigia simu mama yake.

Kesho yake majaji walicheka mpaka mmoja akainamisha kichwa mezani. Kile kipande kikafanywa tangazo la kipindi, kikarushwa kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Nilikutana na yule kijana muda mrefu baadaye, stendi ya Nyegezi. Aliniamkia kwa heshima, tukakaa kwenye benchi, akaniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, kama nilikuwa siwezi, kwa nini siku ile ya kwanza waliniambia nimepita?" Nilimweleza jinsi meza zile zilivyofanya kazi, bila kuficha kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba hata kanisani ameacha kuimba.

Mtu akiniuliza kama mashindano haya ni maigizo, huanzia hapa. Majaji siku ile hawakujua kwamba kijana ameletwa ili wamcheke. Mshangao wao ulikuwa wa kweli. Kijana naye hakujua. Walioijua hadithi nzima walikuwa nyuma ya kamera, na wao hawakuonekana.

Kuhusu wenye habari, fomu ya usaili inaeleza yenyewe. Sehemu ya muziki ilikuwa mistari michache: unaimba aina gani, umewahi kurekodi. Sehemu ya maisha ilikuwa kurasa. Umelelewa na nani? Umewahi kufiwa na mtu wa karibu? Unaishi wapi na unalala na nani? Ukishinda, fedha utafanyia nini? Msimu mmoja tulikuwa na binti wa Sengerema mwenye sauti ya pili (alto, sauti ya chini ya wanawake) nzito, ya asili, ambayo sijaisikia tena. Wazazi wake wote hai, baba mwalimu wa shule ya msingi, nyumba ya bati, maisha ya kawaida. Palikuwa pia na kijana aliyekuwa akiuza maji kwenye mabasi, yatima, mlezi wa wadogo zake wawili. Alikuwa mwimbaji mzuri naye, na kila alichosimulia kilikuwa kweli. Kamera zilisafiri hadi chumba anachopanga. Zikakaa na wadogo zake wakati wa chakula. Kwa binti wa Sengerema hazikwenda.

Kura zilipofunguliwa, yule kijana alikuwa tayari ni ndugu wa nchi nzima, na yule binti alikuwa sauti tu. Hakuna aliyeiba chochote hapo, na yule kijana simlaumu kwa lolote. Lakini mtazamaji alipokaa na simu mkononi akidhani analinganisha waimbaji wawili, mmoja alikuwa amepewa dakika nyingi za kupendwa na mwingine hakupewa.

Kambini mambo yalizidi kuwa ya kitaalamu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipokuwa na macho. Kila juma mshiriki anapangiwa wimbo. Orodha ya nyimbo ni fupi kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa ni lazima ziwe nyimbo zenye ruhusa ya kuimbwa hewani na ambazo bendi inaweza kuziandaa kwa siku chache. Anayetangulia kupangiwa anapata wimbo uliokaa kwenye sauti yake. Anayefika mwisho anapewa uliobaki. Sauti ya pili ukiipa wimbo wa sauti ya kwanza, ile ya juu, na ukakataa kuishusha ki kwa sababu bendi imeshafanya mazoezi, umemwangusha mwimbaji bila kumgusa. Atafika kwenye kiitikio akipiga kelele, jaji atasema leo umepwaya, na mtazamaji atakubaliana na jaji kwa sababu masikio yake yamesikia hivyohivyo. Binti wa Sengerema alipatwa na hayo zaidi ya mara moja. Nilipoomba ki ishushwe, wakati mwingine ilishushwa na wakati mwingine niliambiwa muda umekwisha. Sidhani kulikuwa na njama. Kulikuwa na haraka. Ila haraka ile haikuwakuta washiriki wote sawasawa, kwa sababu wale ambao kipindi kilikuwa kimewekeza kwao ndio waliotangulia kuandaliwa.

Utaratibu wa kupanda jukwaani nao una uzito. Kule Ubelgiji kuna shindano la piano la Malkia Elisabeth, la heshima kubwa duniani, ambako nani atangulie huamuliwa kwa kura ya bahati. Wachumi waliochambua matokeo yake na kuchapisha utafiti wao mwaka 1996 waligundua kuwa waliopiga siku ya kwanza walikuwa na nafasi ndogo ya kushika nafasi za juu kuliko waliofuata. Ikiwa majaji wataalamu wa muziki, wakiwa na bahati nasibu ya haki kabisa, wanayumbishwa na nani kapiga lini, mtazamaji wa sebuleni itakuwaje? Na kwetu hapakuwa na bahati nasibu. Prodyuza ndiye aliyeandika nani aanze na nani afunge, na anayefunga ndiye ambaye watu wanalala wakimkumbuka.

Wengine huniuliza kuhusu sauti kunyooshwa kwa mashine. Kwa vipindi vya laivu nilivyokuwepo, sauti ilitoka kama ilivyoimbwa, na ndiyo maana makosa yalisikika. Vipindi vya usaili vilivyorekodiwa ni jambo jingine, kwani vinakaa kwa fundi siku kadhaa. Mwaka 2010 watazamaji wa The X Factor ya Uingereza walisikia kitu kisicho cha kawaida kwenye usaili wa Gamu Nhengu, msichana mwenye asili ya Zimbabwe aliyekuwa akiishi Scotland. Waandaaji walikiri kwamba sauti za usaili zilipitishwa kwenye mitambo baada ya kurekodiwa, na Simon Cowell, jaji na mwanzilishi wa shindano hilo, akaagiza jambo hilo likome. Waliogundua walikuwa watu wa kawaida, kwa masikio yao.

Sasa kura. Usiku wa kumtoa mtu, karatasi ililetwa kutoka ofisini ikakabidhiwa kwa mtangazaji. Sisi walimu hatukuona idadi. Majaji hawakuona. Washiriki wenyewe, ambao maisha yao yaliamuliwa na karatasi ile, hawakuwahi kuambiwa walipata kura ngapi wala walizidiwa kwa ngapi. Siwezi kusimama mahali nikasema zilichezewa. Hakuna, hata hivyo, aliyeweza kuthibitisha kwamba hazikuchezewa, na jambo hilo linamwumiza hata mshindi, maana atasemwa kuwa kabebwa hadi kufa kwake na hana namba ya kuwajibu.

Na hata zikihesabiwa kwa uaminifu wote, kura ya meseji ni ya salio. Mtu mmoja anaweza kutuma mara nyingi atakavyo, na meseji ya kura hutozwa zaidi ya ile ya kawaida. Nimeona mjomba wa mshiriki akinunua vocha kwa fungu na kuwagawia vijana wa bodaboda. Nimeona wilaya nzima ikichangishana kana kwamba ni harusi. Upande wa Sengerema, baba wa yule binti aliniambia kuwa kijijini kwao mtandao ulikuwa wa kupanda kilimani, na kipindi kilikuwa kinaanza saa ambazo watu wa mashamba wamelala. Binti alitolewa kabla ya tano bora. Siku ile aliimba vizuri kuliko wote. Hilo nalisema kama mwalimu, nikiwa nimekaa mbele yao wote nikiwasikiliza mstari kwa mstari.

Ila wale wanaoamini kwamba fedha na wingi wa watu ndivyo huamua kila kitu, nao nawapinga. Tazama Tusker Project Fame, shindano la kuimba la Afrika Mashariki lililokuwa likifanyika Nairobi. Mwaka 2006 ilishinda Kenya kwa Valerie Kimani, 2008 Uganda kwa Esther Nabaasa, 2009 Rwanda kwa Alpha Rwirangira, 2010 Uganda tena kwa Davis Ntare, 2012 Kenya kwa Ruth Matete, na 2013 Burundi kwa Hope Irakoze. Rwanda na Burundi ndizo nchi ndogo kuliko zote zilizoshiriki kati ya hizo. Tanzania, yenye watu wengi kuliko zote hizo, haikuchukua hata mara moja. Peter Msechu alifika nafasi ya pili mwaka 2010. Kama ingekuwa hesabu ya vichwa na vocha peke yake, orodha hiyo ingesomeka kwa namna nyingine kabisa. Sauti nzuri ikipata wimbo wake, siku yake na mtu wa kuisikiliza, bado inaweza kushinda. Ndiyo maana nakasirishwa sana na zile zinazonyimwa vitu hivyo mapema.

Wizi wa kura wenyewe upo duniani, na uliothibitishwa kikamilifu kuliko wote ninaoujua ni wa Korea Kusini. Kituo cha Mnet kilikuwa na shindano lililoitwa Produce, ambalo watazamaji walipiga kura kuchagua vijana wa kuunda kundi la muziki. Fainali ya msimu wa nne ilikuwa Julai 2019. Mashabiki walipoziweka namba za kura kwenye majedwali yao wakaona tofauti kati ya mshiriki na mshiriki ikijirudia: tofauti ya kura 29,978 ilitokea mara tano kwenye orodha moja. Walipoendelea kukokotoa wakaona kila namba ni mazidisho ya namba moja ileile. Hilo haliwezi kutokea kwa mamilioni ya watu wanaobonyeza simu kwa hiari zao. Wakapeleka malalamiko kwa waendesha mashtaka. Mtayarishaji Ahn Joon-young alikamatwa Novemba 2019, na Mei 2020 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka miwili baada ya kuthibitika kuwa misimu yote minne ilichezewa. Kundi lililotokana na fainali ile lilikuwa limeshavunjwa Januari 2020, pamoja na vijana ndani yake ambao walistahili kuwemo.

Kitu kimoja kwenye kisa hicho hakinitoki: walikamatwa kwa sababu namba zilitangazwa. Kituo kilichoamua kuiba kilikuwa angalau na desturi ya kusoma kura hadharani, na desturi hiyo ndiyo iliyowafunga. Uingereza nayo mamlaka ya utangazaji, Ofcom, ilikitoza kituo cha ITV faini ya pauni milioni 5.675 mwaka 2008 baada ya kubainika kuwa watazamaji wamelipia simu za mashindano na kura ambazo hazikuwa na uzito walioahidiwa. Huko nako kilichowezesha ni kwamba palikuwa na kumbukumbu za kukagua. Kwetu, shindano huomba kibali BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, linafanyika, mshindi anakabidhiwa hundi kubwa ya maonyesho, na karatasi ya kura inakwenda isikojulikana.

Wanafunzi wangu siwakatazi kwenda. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search, shindano la kuimba la Tanzania, mwaka 2012 na leo anaimba injili, watu wanamsikiliza kwa kazi zake, na wengi wao hawakumbuki tena usiku ule wa fainali. Jukwaa linaweza kumfungulia mtu njia. Ninachofanya ni kuwaandaa kwa ajili ya milango yote, kuanzia ule wa kwanza. Nawaambia waende na nyimbo tatu ambazo wamezipima ki yake wenyewe, na waijue ki hiyo kwa jina, ili bendi ikiuliza wajibu. Nawaambia mezani waimbe kiitikio kwanza. Nawaambia habari za kufiwa kwao ni mali yao. Wanaweza kuziacha wazi kwenye fomu. Na mkataba wasisaini siku wanayopewa. Msimu wangu wa kwanza mkataba ulikuwa wa Kiingereza, wenye vifungu vya usimamizi vilivyoendelea baada ya shindano kwisha, na washiriki walipewa kalamu palepale mapokezini. Jioni yake nilikaa na wazazi watatu waliokuwa wamewasindikiza watoto, tukausoma kifungu kwa kifungu. Mama mmoja alinishika mkono alipoelewa kwamba mwanawe hataweza kurekodi na mtu mwingine bila ruhusa hata akitolewa juma la kwanza.

Msimu mwingine ulipokaribia prodyuza alinipigia. Nilimwambia nitakuja, ila kwa mambo matatu: asipitishwe mtu kwa ajili ya kuchekwa, mkataba uwe wa Kiswahili na mshiriki apewe muda wa kurudi nao nyumbani, na kila usiku wa kumtoa mtu, kura za kila mshiriki zisomwe hewani. La pili alilikubali kwenye simu ileile, na walilitekeleza, kwa sababu wazazi waliokuja baadaye walinionyesha nakala zao. La kwanza alisema atalifikisha kwa mkurugenzi. La tatu alikataa. Alinieleza kwa uwazi, na namshukuru kwa hilo, kwamba watu wakijua anayeongoza yuko mbele kiasi gani wataacha kutuma meseji, na meseji ndizo zinazolipia jukwaa, taa na bendi. Nikamwambia nimemwelewa, na kwamba siku namba zitakaposomwa anipigie. Nitapanda basi la usiku huohuo.